Sapini (mti wa Noeli) ya plastiki, tawi la sipresi, au ya kupanda kwenye ndoo? Na mabule (mipira ya kupambia mti) ya zamani tuyafanyeje? (Goma)

MamaFuraha_Himbi
Jambo wote. Jumamosi hii nataka nimalize jambo la sapini na bado sijaamua. Niliona moja ya plastiki kwa muuzaji mmoja karibu na soko la Virunga, anataka dola 45 na anasema hashuki tena. Naweza pia kununua tawi kubwa la sipresi kama tulivyozoea zamani, lile linaloshushwa na chukudu, baiskeli ya mbao ya mizigo, likiwa bado linatoa utomvu. Mdogo wangu naye anataka tupande sipresi ndogo kwenye ndoo ikae mwaka hadi mwaka. Halafu kuna mabule. Tununue mapya ya rangi moja, fedha na buluu, au tutundike yale ya zamani? Ninyi mngefanyaje?

MzeeWaKatindo
Mama Furaha, umetuletea nusu ya swali. Nyumba ni ya mbao au ya matofali? Dari iko juu kiasi gani, na hiyo sapini ya dola 45 ina kimo gani? Umeme mnapata saa ngapi kwa siku? Kuna mtoto anayetambaa? Tuambie kwanza, la sivyo tutakuwa tunapiga ramli.

Nyota_ya_Ibanda
Mimi dari hainihusu. Sipresi, basi! Noeli ni ile harufu. Hapa Bukavu, hata nikipita kwa seremala mwezi wa saba na mbao ya sipresi imepasuliwa, namwona baba mlangoni amelowa mvua, tawi begani, mama anamkataza kukanyaga sakafu aliyotoka kuipiga deki. Plastiki inanuka duka.

Na mabule usinunue. Nyumbani tunasuka nyota kwa maganda makavu ya mgomba. Unayalowesha usiku mmoja, unayachana yawe na upana wa kidole, unasuka, halafu unalaza nyota chini ya kitabu kizito mpaka ikauke imenyooka. Niko na moja niliyoisuka nikiwa darasa la nne. Imekuwa nyeusi na pembe moja imekatika, lakini kila mwaka ndiyo inayotangulia kutundikwa, na hakuna mtoto anayeruhusiwa kuigusa kabla yangu.

MwanaWaNdosho
Dada Nyota, harufu sawa, lakini tawi linataka kutunzwa. Ukilikata tarehe 15 ukalisimamisha kwenye ndoo kavu, mkesha ukifika limeanza kuwa kahawia. Siku unayolileta, kata tena shina chini, kama upana wa vidole viwili, maana utomvu unaziba pale palipokatwa na maji hayapandi. Lisimamishe kwenye ndoo, libane kwa mawe ya lava (hayo Goma hatuyanunui), mimina maji, uongeze kila asubuhi. Langu mwaka jana lilifika tarehe 6 ya mwezi wa kwanza likiwa bado kijani.

Hilo la kupanda kwenye ndoo mwambie mdogo wako aliache. Sipresi ni mti wa kupasua mbao, si ua. Unaweza kuitunza mwaka mmoja, miwili, halafu mizizi inajisokota, mti unadumaa. Na kuihamishia uani, uani gani? Huku kwetu ukichimba sentimita ishirini unakutana na mwamba. Udongo wenyewe wa kuotesha lengalenga tunaununua kwa magunia.

Mlinzi_wa_Msitu
Naomba kuuliza. Matawi hayo yanakatwa wapi? Hifadhi ya Taifa ya Virunga ilianzishwa mwaka 1925, hakuna hifadhi ya taifa iliyoitangulia Afrika, na sote tunaona jinsi makala (makaa ya kupikia) yanavyoimaliza. Sipendi Noeli yetu iongeze panga jingine.

MwanaWaNdosho
Ndugu, sipresi si mti wa hifadhi. Asili yake ni Mexico na Amerika ya Kati, huku ililetwa ikapandwa. Ninayenunua kwake ana shamba la miti, anakata mbao, yale matawi ya kileleni ndiyo ananiuzia.

Mlinzi_wa_Msitu
Wewe unamjua anayekuuzia. Wengi hawaulizi. Nabaki hapo hapo.

FundiUmeme_Majengo
Mnaongea harufu na udongo. Mimi niwaambie habari ya moto, na mnisamehe itakuwa ndefu.

Miaka sita iliyopita tulikuwa kwenye nyumba ya mbao. Nilinunua sapini ya plastiki, na gerlandi ya taa niliyoipata barabarani kwa bei ya kutupa. Waya wake mwembamba kama uzi wa kushonea. Kazi yangu ni umeme, nilikuwa nawafungia watu nyaya kila siku, na ule waya niliuona kwa macho yangu. Nikasema ni siku chache tu. Jioni ya tarehe 24 umeme ukakatika, tukavaa gizani, tukaenda misa ya mkesha. Sikuchomoa plagi. Nani anakumbuka kuchomoa plagi wakati umeme haupo?

Umeme ukarudi sisi tuko kanisani, na ulirudi na nguvu. Jirani yetu mama mmoja aliona mwanga dirishani akadhani tumerudi, akaja kutuletea sahani ya sambusa. Yeye ndiye aliyepiga yowe. Plastiki haiungui kama ukuni. Inayeyuka, inadondosha moto chini matone matone, na kila tone linawasha kinachokuwa chini. Vijana wa barabarani walivunja mlango, maji ya madumu yakaisha, wakang'oa mbao za ukuta wa sebule wakazitupa nje ili moto usifike vyumbani. Ndiyo maana nyumba ilibaki. Sebule haikubaki.

Viti nilinunua vingine. Kwenye ile sapini kulikuwa na malaika wa kitambaa ambaye mke wangu alimshona kwa gauni la ubatizo la mtoto wetu wa kwanza, aliyefariki akiwa na miezi minane. Asubuhi ya Noeli mke wangu alichambua majivu kwa mikono. Alipata ule waya mdogo wa kutundikia, basi. Anao mpaka leo.

Kwa hiyo, Mama Furaha, sikuzuii plastiki wala sipresi, yote yanawaka. Sipresi iliyokauka inawaka haraka kuliko unavyofikiri, na mishumaa juu yake hapana kabisa. Tumia taa za LED zenye adapta ya volti ndogo, au za sola zisizogusa umeme wa nyumba. Shika waya na adapta kwa mkono baada ya saa moja. Vikiwa vya moto, tupa. Umeme ukikatika, chomoa hapo hapo, usingoje urudi.

Nyota_ya_Ibanda
Pole sana, Fundi. Mfikishie mama pole zangu.

NeemaYaBwana
Pole, ndugu Fundi. Lakini mbona hakuna anayeuliza kama huo mti unapaswa kuingia nyumbani mwa Mkristo? Someni Yeremia 10, aya ya 3 na ya 4. Mti unakatwa msituni, unapambwa kwa fedha na dhahabu, unakazwa kwa misumari usitikisike. Mimi nililiacha jambo hili miaka mitano sasa, na watoto wangu wanafurahi Noeli bila mti.

Katekista_Mstaafu
Mwanangu, endelea kidogo tu ufike aya ya 5: havisemi, havitembei, hubebwa. Nabii anasema juu ya sanamu iliyochongwa ili iabudiwe. Nani Goma anaipigia sapini magoti? Papa Yohane Paulo wa Pili alisimamisha mti wa Noeli katika uwanja wa Mtakatifu Petro mwaka 1982, na desturi hiyo inaendelea Vatikani mpaka leo.

Ila mimi naanza na kreshi, pango la Noeli. Mtakatifu Fransisko wa Asizi alitengeneza ya kwake kule Greccio mwaka 1223, kwa ng'ombe na punda wa kweli. Pango langu nalijenga kwa mawe ya lava. Jiwe la kati nililiokota mwaka 2002, mahali lilipokuwa kanisa kuu letu la Mtakatifu Yosefu kabla lava ya volkano haijapita juu yake. Nilifunga ndoa ndani ya kanisa lile. Mtoto Yesu namlaza juu ya jiwe hilo.

NeemaYaBwana
Nimekusikia, mzee wangu, na ninakuheshimu. Kwangu hautaingia.

MzeeWaKatindo
Basi turudi kwa Mama Furaha. Siku mbili sasa na dari bado hatujaambiwa.

MamaFuraha_Himbi
Mnisamehe, mtoto alikuwa na homa. Nyumba ni ya matofali, sebule ndogo. Umeme unakuja na kuondoka. Watoto watatu, na wa mwisho ana miezi kumi na moja, anashika kila kitu.

Lakini lililo kubwa sikulisema, kwa sababu nilianza kuliandika mara tatu nikafuta. Mabule ya zamani ni ya mama. Mama alitutoka mwezi wa nne. Hii ni Noeli ya kwanza.

Mama alikuwa na makopo mawili ya biskuti yanayofanana, juu ya kabati. Moja la karatasi: cheti cha ndoa, kadi za ubatizo, diplomi ya baba, hati ya kiwanja. Jingine la mapambo. Tarehe 17 Januari 2002, lava iliposhuka, tulikuwa tunakaa upande wa Birere. Aliingia ndani ya nyumba mara ya mwisho, akapapasa juu ya kabati, akatoka na kopo moja chini ya kikwembe (kitenge). Tulitembea na umati mpaka Gisenyi, upande wa Rwanda, mimi nimeshika kikwembe chake, yeye hakuliachia lile kopo hata alipombeba mdogo wangu. Asubuhi alilifungua. Ilikuwa mapambo. Mabule kumi na mawili, mawili yamevunjika.

Nyumba ilibaki chini ya mwamba. Miaka mingi, ofisi yoyote ikimwomba karatasi, alikuwa anasema, "Waambieni ziko chini ya lava, waende wakachimbe." Na kila Desemba alikuwa anayatoa yale mabule moja moja, anayahesabu kwa sauti. Mwaka 2021, tarehe 22 Mei, volkano ilipolipuka tena, alibeba makopo mawili, lile la mapambo na jipya la karatasi, moja kila kwapa.

Sasa yamebaki mabule saba, chukudu ndogo ambayo baba aliichonga, nyota ya kifuniko cha kopo la maziwa, na utepe aliouchana kutoka kikwembe alichovaa siku ile. Mdogo wangu anasema hawezi kuyaangalia mwaka huu, ndiyo maana anataka mapya na mti mpya. Yaya, mkubwa wetu, yuko Kinshasa, anasema yeye ni kifungua mimba, kopo litumwe kwake. Kaka yetu amenyamaza. Nikiuliza plastiki au sipresi, nilikuwa nauliza hilo.

MzeeWaKatindo
Pole sana, mwanangu. Mama apumzike kwa amani.

Nyota_ya_Ibanda
Nimelia hapa. Pole, dada. Nilikuwa nimeandika mambo ya harufu utafikiri hakuna jingine duniani.

MtotoWaKatuba
Niko Lubumbashi. Pole kwa msiba, na nisikilize kwa hili moja. Msiyagawe.

Baba yetu alikuwa anakunja nyota za waya wa shaba, kila mtoto anapozaliwa anaongeza moja. Tulikuwa watano, nyota tano. Alipofariki tuliona ni haki kila mmoja achukue ya kwake. Sasa moja iko Likasi, moja Kolwezi, mbili Ubelgiji, na yangu hapa Katuba. Nilizoea kuziona zikigusana taa inapowaka, ukutani panakuwa na vivuli vitano. Yangu peke yake ni waya tu uliokunjwa. Nimewaomba ndugu zangu warudishe, kila mmoja ananijibu kwamba yake ndiyo inayomkumbusha baba. Siwezi kuwalaumu. Lakini kama ningerudi siku ile, ningekaa juu ya lile sanduku.

MamaWaWatatu
Mimi naona kinyume, Papa wa Katuba. Kitu kimoja kwa ndugu wanne ni vita. Kwetu tulisema sanduku lizunguke, mwaka huu kwako, mwaka ujao kwangu. Mwaka wa tatu lilirudi limepungukiwa, hakuna aliyesema kilikwenda wapi, na mpaka sasa tunaangaliana kwa pembe ya jicho. Mabule saba yanagawanyika. Mpeni Yaya mawili, pamoja na chukudu. Mkubwa ni mkubwa.

MtotoWaKatuba
Chukudu ya baba iende Kinshasa ambako hakuna anayejua chukudu ni nini?

MwalimuHistoria
Niongeze la kusaidia mikono. Kama ni kioo chembamba, hiyo ni kazi iliyoanzia Lauscha, Ujerumani, katika karne ya 19: kioo kinapulizwa, kisha kinapakwa fedha kwa ndani. Rangi ya nje ni nyepesi, kwa hiyo msiyaoshe. Yapanguseni vumbi kwa brashi laini iliyo kavu. Msiyarudishe kwenye kopo tupu yagongane, chukueni trei ya mayai, kila moja kwenye shimo lake. Na kwa mtoto wa miezi kumi na moja, kioo kikae matawi ya juu, chini wekeni nyota za kitambaa au za mgomba.

FundiUmeme_Majengo
Mama Furaha, kopo hilo hata lisipotundikwa mwaka huu, usiliweke chumba kimoja na soketi mbovu. Nikipita Himbi naweza kukuangalia nyaya za sebule, sitaki pesa.

MamaFuraha_Himbi
Nawashukuru wote, nimesoma kila neno. Fundi, njoo, utakunywa chai.

Mdogo wangu alikuja jana. Nililiweka kopo mezani sikusema kitu. Alilifungua mwenyewe, akatoa utepe wa kikwembe, akaushika muda mrefu, akahesabu mabule kwa sauti mpaka saba. Akafunga. Hakusema ndiyo wala hapana. Yaya atapiga simu Jumapili.

MwanaWaNdosho
Kama ni sipresi niambie kabla ya Alhamisi, yule mtu wangu anashuka Ijumaa. Unataka ya kimo gani?

MamaFuraha_Himbi
Ndogo. Ya mabule saba. Lakini usimwambie bado, ngoja kwanza Yaya apige.

MwanaWaNdosho
Atakuwa ameshapita, Mama Furaha. Nitakuwekea tawi moja kwangu, kwenye maji.