Kompyuta ya kwanza: taji tumpe Atanasoff au timu ya ENIAC?

Mleta mada

Wakuu, kila tukigusa waasisi wa kompyuta lazima atokee mtu wa kusema: mahakama ilishaamua, ni Atanasoff, mjadala umefungwa. Nabisha. Wengi wanaoitaja hukumu hiyo hawajui iliamua nini.

Kwa wageni wa kisa hiki: John Atanasoff alifundisha fizikia chuo cha Iowa State, Marekani. Kati ya 1939 na 1942, yeye na mwanafunzi wake Clifford Berry waliunda mashine ya kutatua milinganyo, hadi 29 kwa pamoja. Ilitumia valvu, vile vichupa vya kioo vya redio za zamani, na ilihesabu kwa 0 na 1. Juni 1941 John Mauchly, mwanafizikia, alifunga safari kutoka Pennsylvania, akafikia nyumbani kwa Atanasoff siku kadhaa na kuoneshwa mashine. Mwaka 1943 Mauchly na injinia Presper Eckert wakaanza kujenga kompyuta ya ENIAC katika chuo kikuu cha Pennsylvania, mjini Philadelphia, kwa fedha za jeshi: valvu karibu 18,000, tani 30 hivi, kujumlisha mara 5,000 kwa sekunde. Ilitangazwa Februari 1946. Hataza ya ENIAC, yaani haki ya kumiliki uvumbuzi, ilitoka 1964, wakati huo ikiwa mali ya kampuni ya Sperry Rand, nao wakaanza kudai mrabaha, yaani malipo ya kutumia uvumbuzi huo, kwa watengenezaji wenzao. Kampuni ya Honeywell wakagoma kulipa, wakaburuzana mahakamani Minneapolis.

Tarehe 19 Oktoba 1973, Jaji Earl Larson aliifuta hataza. Ni kweli alisema Eckert na Mauchly wazo walilitoa kwa Atanasoff. Ila hakuishia hapo. Alikuta pia kwamba ENIAC ilishafanya kazi zaidi ya mwaka mzima kabla hataza haijaombwa Juni 1947. Hesabu za bomu la haidrojeni zilipitishwa humo tangu Desemba 1945. Tena rasimu ya 1945 ya mwanahisabati John von Neumann kuhusu muundo wa kompyuta ilikuwa imeshasambaa ikiwa na mambo ambayo hataza ilitaka kuyamiliki. Kwa hiyo hata Mauchly asingekanyaga Iowa, hataza ile ingekufa tu. Jaji aliulizwa nani alipwe na nani asilipe. Historia hakuulizwa.

Sasa tuje kwenye mashine yenyewe. Ya Atanasoff ilijua kazi moja. Huwezi kuipa hesabu ya njia ya kombora leo, kesho ukaipa ya hali ya hewa. Na hata hiyo kazi moja iliisumbua: majibu ya katikati ilikuwa inayahifadhi kwenye kadi kwa kuzitoboa kwa cheche za umeme, na cheche mara mojamoja zilikosea. Kwenye milinganyo mikubwa, tundu moja likikosewa jibu lote limeharibika. Vita ikaingia, Atanasoff akaenda kufanya kazi za jeshi la majini, chuo hakikuwahi kuomba hataza, na mashine ikaja kubomolewa.

ENIAC iliacha watoto. Majira ya joto ya 1946 chuo kile cha Philadelphia kiliendesha mafunzo kuhusu kompyuta za aina hiyo. Maurice Wilkes alitoka Uingereza akahudhuria, akarudi Cambridge akajenga kompyuta ya EDSAC, ikafanya kazi Mei 1949. Hapo ukoo unauona kwa macho. Taji apewe yule ambaye wengine walimfuata. Karibuni, ila njooni na hoja.

Mwanasheria Kijana

Mkuu, heshima yako, ila umeruka kipande kitamu. Septemba 1941, miezi mitatu baada ya ile ziara, Mauchly alimwandikia Atanasoff barua kuuliza kama angekuwa na pingamizi iwapo yeye Mauchly angejenga kompyuta yenye baadhi ya vipengele vya mashine yake. Mtu ambaye hakuchukua kitu anaomba ruhusa ya nini?

Halafu Sperry hawakukata rufaa. Ungekuwa wewe, na kila kompyuta inayouzwa unaidai mrabaha, ungenyamaza?

Bi Hesabu

Ndugu zangu, mbona mnagombana kana kwamba dunia yote ni Marekani? Tarehe 12 Mei 1941, Mauchly hajapanda hata gari kwenda Iowa, injinia Mjerumani Konrad Zuse alishaionesha kompyuta yake ya Z3 Berlin. Ilikuwa ya rilei, yaani swichi zinazoendeshwa kwa umeme, zaidi ya 2,000, haikuwa ya valvu, sawa. Lakini ilifuata programu iliyotobolewa kwenye utepe wa filamu. Ukitaka hesabu nyingine unabadilisha utepe! ENIAC mwanzoni ilipangwa kwa kuhamisha nyaya na kugeuza swichi, kazi ya siku nzima au zaidi. Na waliokuwa wanaifanya ni wanawake sita, ambao siku ya kutangazwa kwa mashine hakuna aliyewatambulisha. Mleta mada nawe umewapita kimya.

Kipimo chako cha watoto ndicho kinachonikera zaidi. Z3 iliteketezwa na mabomu 1943. Tommy Flowers, fundi wa Posta ya Uingereza, aliijenga Colossus, mashine ya valvu kama 1,600, ikaanza kuvunja siri za Wajerumani mapema 1944, ENIAC bado haijakamilika. Vita ilipoisha aliamriwa kuharibu nyaraka, akazitia kwenye tanuri kwa mikono yake, na habari hazikuvuja mpaka miaka ya 1970. Kwa hiyo mtu akitii kiapo cha serikali yake, wewe unamnyima jina?

Mleta mada

Mwanasheria, barua ile naijua, na imeandikwa na mtu mstaarabu. Mwizi gani anabisha hodi? Ila nioneshe kipengele chenyewe. Atanasoff alihesabu kwa 0 na 1, ENIAC ilihesabu kwa makumi kama sisi tunavyohesabu vidole. Atanasoff alihifadhi namba kwenye ngoma iliyozunguka ikiwa na kapasita (vifaa vidogo vya kushika chaji ya umeme), ENIAC haikuwa na ngoma hiyo. Wazo la kuhesabu kwa valvu namwachia Atanasoff, na si dogo. Kutoka hapo mpaka valvu 18,000 zinazofanya kazi bila kuungua kila saa, hiyo ni kazi ya Eckert.

Bi Hesabu, kuhusu wale wanawake sita uko sahihi na nakuunga mkono. Zuse namheshimu pia. Flowers namwonea huruma, lakini huruma haijengi ukoo.

Bi Hesabu

Huruma peleka kwingine. Max Newman, ambaye Colossus ilijengwa kwa ajili ya kazi ya kitengo chake, alitoka Bletchley Park, kituo cha Uingereza cha kuvunja siri za adui, akaenda Manchester, akapata fedha za maabara ya kompyuta. Huko huko Manchester, 21 Juni 1948, kompyuta ya kwanza kuhifadhi programu yake ndani ya kumbukumbu ya kielektroniki iliendesha programu. Karibu mwaka mmoja kabla ya EDSAC yako. Newman alikuwa ameapa kutosema alichokiona, lakini alishakiona.

Mleta mada

Waliofunga nyaya pale Manchester ni Williams na Kilburn, na hao walitoka kwenye rada. Nioneshe kitu kimoja ndani ya mashine yao kilichotoka Colossus, mama, kisha tuendelee.