Frazier wa 1971 na Tyson wa 1988, nani anabaki amesimama?

KonaNyekundu:
Wadau wa ngumi hii imenikaa kichwani. Chukua Joe Frazier yule wa Machi 1971 aliyemdondosha Ali raundi ya 15 pale Madison Square Garden, muweke na Mike Tyson wa Juni 1988 aliyemmaliza Michael Spinks kwa sekunde 91. Wote wafupi kwa uzito wa juu, wote wanaingia ndani huku wanainamainama, na hakuna anayejua kurudi nyuma. Mi naona Tyson ila sijiamini sana, nyie mnasemaje?

Raundi15:
Tyson, tena mapema. Frazier alikuwa dizeli bana, anachelewa kuwaka. 1966 Oscar Bonavena alimwangusha mara 2 raundi ya 2 (Frazier akashinda kwa pointi, tena majaji wakigawanyika), 1973 kule Kingston George Foreman kamwangusha mara 6 ndani ya raundi 2. Sasa mwanzo ndo saa ya Tyson, na ana kama kilo 99 dhidi ya 93. Halafu kuna lile jicho la kushoto la Frazier lilikuwa haoni vizuri, mwenyewe alikuja kusema baadaye, na upande huo ndo mkono wa kulia wa Tyson unatokea.

MzeeWaJabu:
Mkuu hapo kwa Foreman umechanganya. Foreman mrefu, alikuwa anamsukuma Frazier kwa mikono mpaka anamuweka umbali anaoutaka ndo anamshushia. Tyson mikono mifupi hawezi hiyo, lazima aje kifua kwa kifua, na huko ndo Frazier anaishi. Kaangalie Tyson na Bonecrusher Smith 1987, raundi 12 jamaa anamkumbatia tu na Tyson hana la kufanya, akibanwa anamsubiri refa. Frazier akiwa karibu mikono haipumziki, ini na mbavu tu, afu kushoto inapanda juu. Zikipita raundi 5 Tyson anabaki kutafuta konde moja la kumaliza kazi, na Frazier 1975 Manila alienda raundi 14 na Ali macho yamevimba hayafunguki, hadi kocha wake Eddie Futch ndo akakataa kumrudisha.

Raundi15:
ZIKIPITA mkuu, zikipita 😂 Marvis mtoto wa Joe alikula sekunde 30 tu kwa Tyson 1986.

MzeeWaJabu:
Marvis anaingiaje hapa sasa? Hakuwa na kidevu cha kuhimili makonde kama baba yake wala ile ngumi ya kushoto.

KonaNyekundu:
Hoja ya kubanwa imenigusa aisee, sikuiwaza. Ila sijasema raundi ngapi, enzi za Frazier ubingwa ulikuwa 15, Tyson kazoea 12. Ikiwa 15 nahamia kwa Frazier.

Raundi15:
Ikiwa 12 Tyson raundi ya 3. Ikiwa 15, Tyson raundi ya 3.