Kitambaa cha lineni kwa kochi, kitadumu?

Dem_wa_Nyakach: Watu wangu, nimependa lineni fulani ina maua yale ya kugongwa na kibao cha mbao kama kazi za India, nataka fundi wa Kibuye anifunikie kochi nayo lakini watoto wanaruka hapo mchana kutwa, itahimili ama nikae tu na velveti?

Fundi_Kondele: Dada uliza namba ya Martindale, yaani kitambaa kinahimili kusuguliwa mara ngapi kabla hakijachakaa, ya kochi la kila siku isishuke 20,000. Na ongeza mita, ua kubwa lazima likae katikati ya kila mto, likikatwa kando linaharibu kochi lote.

Mama_Milimani: Hiyo lineni ifue kabla haijakatwa, inanywea. Kochi liweke mbali na dirisha, jua la Kisumu linakula rangi. Lakini chukua tu, velveti na joto la huku ni mateso!