Yule mwalimu wa tuisheni ya jioni amenivua nguo mbele ya watoto!

Wakuu, mikono inatetemeka, neno la siri nimelikosea mara tatu. Mnamjua. Yule wa shati la drafti, anayefundisha hesabu utadhani anadaiwa na ubao.

Leo ni intigresheni, ile hesabu ya kutafuta eneo chini ya mchoro. Kaandika x kipeo nusu, kanikabidhi chaki. Mimi mtu mzima, ndevu zina mvi, narudia mtihani kwa kujitegemea, nimebanwa dawati moja na watoto wa majirani. Sheria naijua: ongeza moja kwenye kipeo, kisha gawanya kwa kipeo kipya. Nusu ongeza moja: juu moja na moja, mbili, chini mbili na moja, tatu. Theluthi mbili. Nikagawanya, nikapata 3/2 ya x kipeo 2/3, na C nikaweka, namba isiyobadilika ya mwishoni, ile ambayo hao watoto wanaisahau kila siku!

Hakunijibu. KAMWITA DOGO WA MAANDAZI DIRISHANI. "Nusu ukiongeza moja?" Dogo, huku anahesabu chenji: "Moja na nusu, tichaa." Darasa zima chini.

Dogo wa maandazi, jamani! Na jibu lenyewe eti ni 2/3 ya x kipeo 3/2. Si namba zile zile? Zimepinduka tu! Gari likipinduka linakuwa baiskeli? Dogo wa maandazi. Na ndoo yake mkononi.

Kibatari: Mkuu, ulikuwa na nusu andazi, ukaongezewa zima, ukabaki na theluthi mbili. Hiyo 5/6 kala nani? Na KDS (kigawe kidogo cha shirika) nimetafuta, sio kama wewe.

Mama Pacha: Wako ana afadhali. Wetu akikwama katikati ya swali anafunga kitabu: "Malizieni nyumbani."

Fundi Rula: Mlikimbia MAGAZIJUTO nyie, ule mpangilio wa mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa. Haya, 8÷2(2+2)?

Dalali wa Mbezi: 1.

Fundi Rula: Mabano kwanza, 4. Gawanya, 4. Ndipo uzidishe. 16!

Dalali wa Mbezi: Kikokotoo changu kinatoa 1. Na ni cha kununua, si cha kuazima.

Kibatari: Karudishe dukani.

Mleta uzi: Wakuu, turudini kwa dogo wa maandazi.

Mama Pacha: Ehee, anauzaje?

Mleta uzi: Mia mbili moja. Nilichukua matatu, nikatoa elfu. Chenji kahesabu yeye.