Shairi la vina na shairi huru: tunalinganisha ama tunahesabu tu?

Wapenzi wa Kiswahili, naomba tuongelee hili maana limenikaa rohoni. Kwa mashindano ya shule fulani hapa Nakuru, wanafunzi wawili walileta mashairi kuhusu vile ziwa letu limepanda, la kwanza tarbia safi (mistari minne kila ubeti, na vina), la pili huru, lisilofuata vina, na hilo la pili likatolewa bila hata kusomwa mara ya pili, sababu ati halina mizani, yaani silabi za kuhesabu, kwa hivyo hakuna cha kulinganisha. Niliumia sana.

La kwanza lilianza hivi:

Ziwa letu limefura, limevunja na mipaka,
Nyumba zetu si imara, zinazama kwa haraka

Na la pili:

Maji
yameingia
yakakalia kiti cha baba
hayasemi yataondoka lini

Hebu yaangalieni pole pole. Yote mawili yana tashihisi, yaani maji yanafanywa kama mtu, sindio? Lakini la kwanza ziwa limefura, na kufura ni kujaa na pia ni kushikwa na hasira, kwa hivyo hapo kuna adui, na vile vina vya -ra na -ka vinagonga vinagonga kama mtu anabisha mlango usiku, mizani nane kwa nane, hupati hata pa kupumulia. La pili maji ni mgeni. Hana hasira, amekaa tu kwa kiti cha mwenye nyumba na mtoto haezi kumuuliza anaenda lini, maana kwetu mgeni haulizwi hivyo. Halafu lile neno "Maji" limeachwa peke yake, mstari mshata, yaani haujakamilika, linakungojesha. Nane kwa nane haingeweza kukungojesha hivyo, na huo ukimya nao haungeweza kubisha mlango.

Sasa hapo ndio kulinganisha. Chukua mbinu moja uulize huku inafanya kazi gani na kule inafanya gani. Sio mwanafunzi aandike "hili lina vina, hili halina, hili lina inkisari" awekewe tiki aende. Inkisari imefupisha neno gani, na mstari umepata nini? Hakuna anayemuuliza!

Najua kuna watakaosema ushairi wetu una sheria, na ni kweli, mshairi Amri Abedi aliziandika 1954 na mimi mwenyewe nafundisha kwa hizo. Lakini Kichomi, diwani ya mashairi huru ya Kezilahabi, ilitoka 1974, zaidi ya miaka 50, na bado tunabishana kama hayo ni mashairi? Na pia msiniambie vina ni vya kizamani. Mshairi Abdilatif Abdalla alifungwa 1969 hadi 1972, na mashairi aliyotunga jela, yale ya Sauti ya Dhiki, 1973, yamefuata vina na mizani na yanakata kuliko mengi huru niliyosoma. Hizo diwani mbili zimepishana mwaka mmoja tu, ziweke pamoja uone kama umbo litakuambia nani ako na ujasiri.

Walimu na waamuzi wa Nakuru, Kisumu, Kakamega, mkiletewa mashairi mawili kama haya mnaanza wapi kabla ya kuhesabu mizani? Mimi ningemrudisha yule wa kiti cha baba mbele asome tena, mwenzake wa tarbia asimame kando yake asome lake, na sisi wengine tunyamaze tusikilize.