Tupeane uzoefu: kutembea na watoto kwenye makoro na mafunjo ya Kivu

Mama Asifiwe, Goma

Jambo wote. Vakansi (likizo) imeingia na watoto wangu watatu wamegeuza sebule kuwa uwanja wa mpira. Nataka kuwatoa, na nataka tutembee kwa miguu. Mkubwa ana miaka 11, wa mwisho 4. Mnajua ziwa letu la Kivu: mchanga ni wa kutafuta, kwingi ni makoro, yale mawe meusi ya lava, genge, kisha maji. Wenye watoto, mlienda wapi, mlibeba nini, wadogo waliweza? Msiniambie nikakae hotelini kando ya maji. Hiyo naijua, na bei ya soda yake naijua.

Papa Mapacha, Keshero

Mama Asifiwe, anza na viatu. Kambambili kwenye makoro ni kutafuta damu. Yale mawe yana meno, na mtoto akianguka anaweka kiganja kwanza. Wangu wanavaa baskete (viatu vya michezo) za zamani na suruali ndefu, hata jua likiwaka.

Halafu usipime kwa kilomita. Mtu mzima anafuata njia, mtoto anafuata vitu: mjusi, jiwe lenye matundu, chukudu, ile baiskeli ya mbao, inayoshuka na mzigo wa makaa. Mwendo ambao mimi peke yangu ningeumaliza kwa dakika ishirini, sisi unatula asubuhi nzima. Siku hizi sihimizi. Tukifika nusu na wamechoka, hapo ndipo tulipokuwa tunaenda.

Kitu kilichowashika sana ni lava ya mlima Nyiragongo ya Januari 2002. Niliwaonyesha mahali ilipopita mjini hadi ikaingia ziwani, kwamba ardhi waliyokuwa wamesimama juu yake ni changa kuliko mama yao. Mmoja akauliza kama bado ina moto chini. Nikamwambia aguse. Aliinama akagusa kwa kidole kimoja, kama anagusa sufuria.

Yaya Riziki

Viazi vya kuchemsha, ndizi, maji ya kutosha. Sambaza (samaki wadogo wa ziwa) za kukaanga kwenye karatasi. Mkimaliza kula mapema mtarudi mapema, mie nilishaona.

Mwalimu wa Jiografia, Himbi

Naona watu wanaogopa genge. Genge unaliona, na mtoto mwenyewe analiogopa. Upande wa magharibi wa mji, kuanzia huku kwetu Himbi kuelekea Keshero, Bulengo na ziwa dogo la Lac Vert, hofu yangu iko kwenye mashimo. Mazuku, jamani. Hakuna mtu wa Goma asiyejua neno hilo, lakini wengi hawalifikirii wakiwa na kikapu cha chakula mkononi.

Ile ni hewa ya kaboni dioksidi inayotoka ardhini kwenye nyufa. Ni nzito kuliko hewa tunayovuta, kwa hiyo haipandi, inatulia mahali pa chini kama maji kwenye beseni. Haina rangi wala harufu ya kukuonya. Sasa fikiri: wewe umesimama, pua yako iko juu ya beseni. Mtoto wa miaka 4 yuko karibu na ukingo wa beseni. Akichuchumaa kuokota kitu, ameingia ndani. Ndiyo sababu mbuzi na mbwa wanakufa mahali ambapo mwenyewe anapita wima.

Usiku na alfajiri ndiyo saa mbaya, kwa sababu hakuna upepo wala jua la kuitawanya. Mimi na wanafunzi hatutoki kabla jua halijapanda vizuri, na tunatembea juu ya mgongo wa lava, hatushuki kwenye mabonde madogo hata kama kuna kivuli kizuri. Hasa kama kuna kivuli kizuri! Ukiona ndege aliyekufa, panzi wamelala, mjusi hakimbii, geuka. Wenyeji wanayajua mashimo yao moja moja, muulize mama yeyote anayelima hapo.

Na jambo ambalo watu hawapendi kulisikia: mtu akianguka shimoni, usiruke kumfuata. Mwokoaji naye anaweza kufa pale pale. Watoto wangu wa darasani wanalijua hilo kabla ya kujua mji mkuu wa Brazili.

Mama Asifiwe, Goma

Mwalimu, umenikausha mate. Kwa hiyo Lac Vert nisiende?

Mwalimu wa Jiografia, Himbi

Sikusema hivyo. Lac Vert ni kreta ya volkeno iliyojaa maji ya kijani, na ukuta wake mwembamba unaitenga na Kivu. Ukisimama juu ya ukingo unaona maji ya rangi mbili, moja kila upande. Mtoto hasahau. Kaa juu, nenda saa nne au saa tano za mchana, chukua kijana wa pale awaongoze, mkono wa mdogo usiuachie. Kushuka hadi majini, hapana.

Papa wa Mugunga

Naongeza, na si kwa kutisha. Baada ya mapigano ya Januari 2025 upande wa Sake na Mugunga bado kuna mabomu ambayo hayakulipuka. Mtoto anaokota kila kinachong'aa. Sisi tumeweka sheria moja nyumbani: chuma hakiguswi, unaita mtu mkubwa. Na njia ambayo watu hawaipiti kila siku, sisi pia hatuipiti. Hakuna mandhari inayostahili hatari hiyo. Zamani tulikuwa tunapeleka watoto hadi kisiwa cha Tchegera, kile chenye umbo la mwezi mwandamo, unazunguka kwa miguu bila haraka. Leo kila mtu aulize kwanza hali ya siku hiyo.

Mutoto wa Uvira (niko Goma)

Mimi nilikulia kando ya ziwa Tanganyika, na nilipofika hapa nilicheka kuona watoto wanacheza kwenye matete bila mtu wa kuangalia. Baadaye wakanieleza: Kivu haina mamba. Kwetu, pale Ruzizi inapoingia ziwani kuna mafunjo makubwa, ndege hadi unachoka kuwahesabu, na ndani yake kuna wenye meno.

Baba alitufundisha kusoma majani. Ukikuta mfereji laini umelala kwenye nyasi kutoka majini kuelekea mashamba, hiyo ni njia ya kiboko, anapanda jioni kula na anarudi kabla ya mapambazuko. Usisimame kati yake na maji. Tulikuwa tunaangalia ndege kutoka barabarani, juu, mchana, na saa kumi jioni tuko nyumbani. Kwa hiyo ndugu wa Kivu mkienda Uvira kusalimia, msipeleke mazoea yenu ya huku.

Yaya Riziki

Kumbe ndiyo maana mume wangu, mtu wa Uvira, hadi leo haoshi miguu ziwani 😂

Mama Nsimire, Bukavu

Na sisi wa Bukavu tusisahauliwe. Huku hakuna makoro, kuna udongo mwekundu. Mvua ikinyesha njia za vilima zinageuka sabuni, na mji wetu unajua maporomoko. Kati ya Septemba na Mei naangalia mawingu kuliko saa.

Kwa mdogo wa miaka 4 mimi nasema La Botte. Ni rasi, barabara inaingia ziwani na maji yako pande zote, hakuna kupotea, na akichoka kuna moto (pikipiki) ya kumrudisha. Wakubwa kidogo niliwapeleka Lwiro, zaidi ya kilomita 40 kutoka mjini. Kuna majengo ya kituo cha utafiti kilichoanza mwaka 1947, na makao ya sokwe yatima yaliyoanza mwaka 2002. Miti mirefu, njia za kivuli, unatembea bila kupanda sana. Binti yangu aliangaliana na sokwe mmoja kupitia uzio mpaka mimi nikaona haya.

Kinamasi nilichokipenda mwenyewe ni Musisi, ndani ya mbuga ya Kahuzi-Biega, enzi zile kulipokuwa kunaendeka. Mlinzi alituambia tukanyage alipokanyaga yeye, kwa sababu majani yanaonekana kama shamba lakini chini ni tope. Mwanangu akafanya ule mchezo wa kukanyaga nyayo hadi tukarudi nyumbani, na kwa wiki nzima alikuwa anapita jikoni vile vile. Ila kwa gorila wenyewe mtoto hakubaliwi kabla ya miaka 15, msimwahidi.

Papa Mapacha, Keshero

Mama Nsimire, hiyo ya nyayo naiiba.

Mama Asifiwe, Goma

Aksanti sana wapendwa. Basi Jumamosi naanza karibu: tunapita ukingoni huku Himbi, juu kwa juu, saa nne, baskete, viazi. Wa mwisho nitamfunga mgongoni kwa kikwembe akisumbua, ingawa atasema yeye ni mkubwa. Lac Vert nangoja kwanza Mwalimu anipe kijana wa kutuongoza. Swali moja limebaki: kiangazi hiki vumbi na moshi vimefunika kila kitu, Nyiragongo hatuuoni kabisa. Kuna saa ambayo watoto watauona?

Mwalimu wa Jiografia, Himbi

Asubuhi sana, kutoka barazani kwako, si njiani. Au ngoja mvua za Septemba: siku inayofuata mvua kubwa hewa inakuwa safi, unauona mlima hadi mikunjo yake. Namba ya yule kijana nakutumia pembeni.

Yaya Riziki

Mama Asifiwe, ongeza sambaza. Viazi peke yake watoto watakugomea.