Tupeane uzoefu: vitenzi vya Kiingereza vya maneno mawili vilivyotuchoma

MamaWaUmoja:
Jana usiku kijana wangu wa kidato cha tatu ameniletea kazi ya shule. Sentensi ni "The meeting was called off", aandike maana. Nikamwambia bila hata kufikiri, mkutano uliitiwa nje. Amenicheka mpaka jirani akagonga kuuliza kuna nini. Kumbe mkutano ulifutwa. Sikulala vizuri, kwa sababu hiyo "off" na mimi tuna historia.

Korona ilipoingia Machi 2020 nilikuwa nashona kwenye kiwanda kimoja huko Industrial Area, mashine ya ovaloki. Ijumaa moja jioni meneja, mgeni, akatuita watu kumi na wawili. Amevaa barakoa, anaongea haraka haraka, mimi nasikia tu "laying you off". Off! Si mnaijua off? Siku ya kupumzika! Nilikuwa naidai tangu Krismasi. Mikono hatukuwa tunapeana siku hizo, nikapiga goti kidogo nikamwambia thank you sir, God bless you. Alinitazama mpaka akashusha macho. Wenzangu wengine wanalia, nikajiambia hawa wanalilia off isiyo na malipo.

Bahasha sikuifungua. Nikapitia Burma nikanunua nyama nusu kilo, watoto nikawaambia mama ana off mpaka Jumanne. Jumatano nikaamka saa kumi alfajiri, nikatembea mpaka kazini kuokoa nauli, aproni nimeshaivaa ndani ya sweta. Soja akapitisha kidole kwenye orodha, akapitisha tena. "Mama, hukuambiwa?" Nikamjibu niliambiwa niko off. Akanyamaza, akanipa kiti chake. Bahasha nimeifungulia hapo kwenye kiti cha soja: barua ya kuachishwa kazi.

Leteni zenu, nisiwe peke yangu.

Soja_wa_Zamu:
Pole mama. Sisi wa geti ndio watafsiri wa hizo barua, na hatulipwi kwa kazi hiyo.

Kijana_wa_58:
Pole mathe. Mimi niliandikiwa "your application has been turned down". Nikajibu kwa heshima zote, "kindly turn it up". Mpaka leo hawajajibu.

Kaka_Mkubwa:
😂😂 Ulidhani ni redio? Ombi lako lilikataliwa.

SaibaRiverRoad:
Mimi nina saiba, duka la intaneti, na kila siku ni ugomvi. Tunasema "fill in the form" ama "fill out the form"? In ni ndani, out ni nje. Sasa fomu inajazwa wapi?

Mwalimu_Mstaafu:
Zote ni kujaza. Mwingereza hupenda "fill in", Mmarekani "fill out".

DadaKaratasi:
Hapana mwalimu. "Fill in" ni nafasi moja moja, "fill out" ni fomu nzima. Tulifundishwa hivyo.

Kaka_Mkubwa:
Na nani?

DadaKaratasi:
Na mtu aliyesoma kuliko wewe.

SaibaRiverRoad:
Jamani, niliuliza tu fomu. Mteja anangoja.

Binti_Kayole:
Hebu wekeni fomu kando niwaambie ya kwetu. Binamu yangu alienda Kiganjo mafunzo ya polisi. Siku ya gwaride mjomba aliyekuwa huko, ambaye Kiswahili kwake ni cha sokoni, akamtumia shangazi ujumbe: "Our son has passed out today. Glory be to God."

Shangazi anajua "passed away". Anajua "passed on". Akaona "passed", akaona "God", akaanguka hapo hapo jikoni, sufuria ya maharagwe nayo chini. Kwa hivyo waliopasi out siku hiyo ni wawili, yule wa gwaride la kuhitimu na huyu wa kuzimia!

Tukimpigia mjomba hapatikani. Tukimpigia binamu hapatikani. Nusu saa haijaisha, grupu la WhatsApp la mazishi limefunguliwa, mwenyekiti yupo, mweka hazina yupo, picha ya marehemu imewekwa na mshumaa. Majirani wakaleta viti. Mama mmoja wa kanisa akaanzisha wimbo. Mpaka saa kumi na moja jioni M-Pesa ilikuwa imefika 14,500. Saa moja usiku marehemu akapiga simu mwenyewe, anaomba nauli ya kutoka Nyeri.

Kijana_wa_58:
Wueh! Nauli! 😂😂😂

Kaka_Mkubwa:
Hii umeitunga. Hakuna Mkenya asiyejua pass-out parade, inaonyeshwa kwenye runinga.

Binti_Kayole:
Kwenye runinga unaona bendi na gwaride, neno linajieleza. Wewe letewa neno tupu kwenye simu, uko jikoni, mtoto wako hujamsikia miezi. Shangazi yangu aliishia darasa la sita, na wewe uliishia kwa ujuaji.

Soja_wa_Zamu:
Aliyeipokea simu ya marehemu ni nani?

Binti_Kayole:
Mimi. Niliitupa kwenye kochi.

MamaWaUmoja:
Na zile pesa zilirudishwa?

Binti_Kayole:
11,500 zilirudi. Elfu tatu mweka hazina anasema ziliingia kwenye chai na mandazi.

SaibaRiverRoad:
Chai ya elfu tatu kwa mtu aliye hai?

DadaKaratasi:
Huyo mweka hazina ni wa kabila la "run off with the money".

Kaka_Mkubwa:
Sasa naamini. Pesa ya matanga kupotea haiwezi kutungwa.

Mwalimu_Mstaafu:
Nirudishe mjadala, kwa ruhusa yenu. Shida inaanzia kwetu sisi walimu. Tuliwafundisha "postpone", "tolerate", "cancel", maneno yenye asili ya Kilatini, ya kuandikia insha. Mwingereza akiwa kazini anasema "put off", "put up with", "call off". Na maana haipatikani kwa kujumlisha neno la kwanza na la pili. Msiwashangae Waingereza, sisi wenyewe tuna "piga": unapiga pasi, unapiga mswaki, unapiga deki, unapiga magoti. Nani amepigwa hapo?

Jambo jingine, "it" huingia katikati: "call it off", "turn it down". Ukisema "turn down it" umechomeka. Ila "look after him" haipasuliwi, hiyo "after" haikubali kuachwa nyuma.

Kijana_wa_58:
Mwalimu, na "pick my call"? Mgeni mmoja nilimwandikia hivyo akaniuliza aipick aipeleke wapi.

Mwalimu_Mstaafu:
Wao husema "pick up". Hapa Nairobi tumeikata hiyo "up". Halafu tunasema "cope up with", ambapo wao hawaiweki.

Soja_wa_Zamu:
Kumbe "up" tunaitoa kwenye simu tunaipeleka kwenye shida.

DadaKaratasi:
Mimi sioni kosa. Tukielewana sisi kwa sisi, hicho ni Kiingereza chetu.

Kaka_Mkubwa:
Mwambie hivyo anayesahihisha mtihani.

Mama_Mitumba_Gikomba:
Dawa ni kuandika kwenye daftari, sentensi nzima si neno. "We ran out of sugar", chini yake unaandika sukari imetuishia. Mimi nina kurasa arobaini.

Kijana_wa_58:
Dawa ni mpira. "Kick off" mechi imeanza, "sent off" mtu amekula nyekundu. Sijawahi kusahau.

Soja_wa_Zamu:
Dawa ni kumwambia bosi aseme Kiswahili.

MamaWaUmoja:
Dawa ni kufungua bahasha.

Fundi_Donholm:
Samahani nimechelewa, nina swali la haraka. Bosi yuko Mombasa, ameniandikia asubuhi: "Hold on to the keys. Don't hand them over to the painter until I show up." Hiyo "hold on" si ni subiri kidogo?

Mwalimu_Mstaafu:
Hapana. Kaa na funguo. Usimpe mpakaji rangi mpaka bosi mwenyewe afike.

Fundi_Donholm:
Nilisubiri kidogo.

Mama_Mitumba_Gikomba:
Na sasa ziko wapi?

Fundi_Donholm:
Mpakaji rangi ameshaanza chumba cha pili.